Mawindo Kwanza: Kamera, Chui wa Theluji na Mbwamwitu wa Milimani

Upigaji picha wa wanyama wawindaji wa milimani ni fani iliyo mbali sana na ile ya mbugani iliyozoeleka Afrika Mashariki, na umbali huo hautokani na baridi wala na urefu wa vilele pekee, bali na ukweli kwamba milimani anayetafutwa kwanza ni mnyama anayewindwa. Katika tambarare za Serengeti au Maasai Mara simba huonekana kutoka mbali, gari likasogezwa hadi hatua chache kutoka alipojilaza, na picha safi ikapatikana kabla jua halijapanda. Katika milima mirefu hakuna gari linalofika, mnyama mwenyewe ana rangi ya jiwe analolilalia, na eneo analolizunguka dume mmoja linaweza kuzidi kilomita za mraba 100, zote zikiwa makorongo na majabali. Mpiga picha anayepanda kwa nia ya kumsaka mwindaji moja kwa moja kwa kawaida hushuka na picha za mawe, ilhali yule anayekaa kutwa akiwatazama walao majani, akajua wanakula wapi, wanalala wapi na wanakimbilia wapi wakishtuka, huwa amekwisha kujua pia njia ambayo mwindaji atalazimika kuipita.

Kanuni hiyo hudhihirika vizuri katika sehemu mbili za dunia ambazo wapiga picha wamezizoea: Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, makao ya chui wa theluji, na milima ya Bale, kusini mashariki mwa Ethiopia, yenye mbwamwitu ambaye ni adimu kuliko wanyama wote wa jamii ya mbwa barani Afrika. Sehemu hizo mbili zinatofautiana karibu kwa kila jambo, tangu ukubwa wa mawindo hadi saa ya kutoka mwindaji, na tofauti hizo zenyewe ndizo zinazofundisha.

Chui wa theluji huishi katika nchi 12 za Asia ya Kati na ya Kusini, kwa kawaida kati ya mita 3,000 na 5,500 juu ya usawa wa bahari. Manyoya yake ni ya kijivu chenye madoa meusi yaliyofifia, nyayo zake ni pana kiasi cha kumzuia asizame kwenye theluji, na mkia wake, ambao unaweza kukaribia mita moja, humpa mizani anapokimbia kwenye mteremko mkali na humfunika uso anapolala. Tofauti na simba na chui wa Afrika, mnyama huyu hawezi kunguruma. Hesabu ya dunia nzima hutajwa kuwa kati ya 4,000 na 6,500, ingawa ni makadirio tu, na mwaka 2017 aliondolewa katika daraja la walio hatarini kutoweka akawekwa katika lile la walio katika mazingira ya kudhurika, uamuzi ambao wanasayansi kadhaa waliupinga. Nchini India sensa iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2024 ilikadiria chui 718, na kati yao 477 walikuwa Ladakh, jambo linaloeleza kwa nini wapiga picha wengi huelekea huko.

Historia ya picha zake inaanza na mtu ambaye Tanzania ina sababu ya kumkumbuka. George Schaller, mtaalamu wa wanyama kutoka Marekani, aliishi Serengeti kati ya mwaka 1966 na 1969 akiwachunguza simba, na kitabu alichokitoa mwaka 1972 kuhusu utafiti huo kingali kinasomwa na kila anayeshughulikia wanyama wala nyama. Alipotoka Serengeti alihamia Himalaya na milima inayopakana nayo, ambako shabaha yake kubwa ilikuwa kondoo na mbuzi mwitu, na ilikuwa katika shughuli hizo, mwezi Desemba 1970, huko Chitral nchini Pakistani, kwamba alipata picha zinazohesabiwa kuwa za kwanza za chui wa theluji akiwa huru porini. Zilichapishwa na jarida la National Geographic mwaka uliofuata. Miaka mitatu baada ya picha hizo alikwenda Dolpo, Nepal, pamoja na mwandishi Peter Matthiessen, na safari hiyo ikazaa kitabu cha Matthiessen cha mwaka 1978 kilichobeba jina la chui wa theluji, ingawa mwandishi mwenyewe hakubahatika kumwona mnyama huyo. Jambo linalosahaulika ni kwamba Schaller hakwenda Dolpo kwa ajili ya chui, kwa kuwa alitaka kuwaona bharal wakati wa msimu wao wa kupandana. Umaarufu ulimwendea mla nyama, kama kawaida, lakini kazi ilikuwa ya mla majani.

Bharal ni mnyama wa jamii ya mbuzi na kondoo, mwenye umbo la kati ya hao wawili, ambaye pia huitwa kondoo wa buluu japokuwa rangi yake ni ya kijivu yenye kivuli tu cha samawati. Dume aliyekomaa hufikia kilo 60 au 70, uzito ambao unamshinda chui mwenyewe, kwa maana chui wa theluji ana uzito wa kati ya kilo 22 na 55 tu. Bharal hula nyasi katika miteremko iliyo wazi, lakini hapendi kuwa mbali na majabali, kwa sababu jabali ndilo kimbilio lake: akishtuka hupanda mahali ambapo mbwa wala mbwamwitu hawawezi kumfuata, kisha akasimama tuli, na rangi yake ikampoteza kabisa machoni. Chui naye huishi ndani ya kimbilio hilohilo. Huja kutoka juu, akijibanza nyuma ya kila jiwe, akashuka kwa kishindo pale bharal wanapokuwa wamegeukia chini, na mbio zao kwenye mteremko mara nyingi humalizika kwa muda mfupi sana, ama kwa shingo iliyokamatwa ama kwa vumbi tupu.

Kwa mpiga picha maana ya mambo hayo ni kwamba sehemu zinazofaa kutazamwa hupungua sana. Mlima mzima una miteremko mingi, lakini michache tu ina nyasi wakati wa baridi, na kati ya hiyo michache ni baadhi tu iliyo karibu na majabali yenye njia ya kushukia. Kuanzia Januari hadi Machi theluji huwasukuma bharal washuke, chui hushuka nao, na kipindi hicho ni pia msimu wa chui kupandana, ambapo dume na jike huzunguka zaidi na kuweka alama mara nyingi zaidi. Alama zenyewe husomwa na waelekezaji wa kijijini kwa urahisi wa kushangaza: mparuzo wa miguu ya nyuma juu ya changarawe, mkojo ulionyunyiziwa chini ya mwamba ulioinama, na kinyesi chenye manyoya kilichoachwa kwenye njia panda ya korongo. Mwamba ulioinama huhifadhi harufu dhidi ya theluji na mvua, kwa hiyo chui huurudia mwaka hadi mwaka, na vizazi vya chui vinaweza kuutumia mwamba mmoja.

Waelekezaji hao, ambao wengi ni wachungaji au wana wa wachungaji wa vijiji kama Rumbak na Ulley, wana njia nyingine ya kumgundua chui, nayo ni kutazama macho ya bharal. Kundi linalokula kwa utulivu huinua vichwa kwa zamu, kila mmoja akitazama upande wake, lakini kundi lililomwona chui huganda likiwa limeelekeza nyuso zote mahali pamoja, mara nyingine likitoa mlio mkali unaofanana na mluzi. Darubini ikifuata mstari wa macho hayo, chui hupatikana. Dalili nyingine ni ndege: kunguru na tai mla mifupa wakizunguka mahali pamoja kwa muda mrefu, kuna mzoga, na penye mzoga wa bharal chui hukaa siku kadhaa akila na kulala karibu, wakati mwingine hadi wiki nzima. Kwa kuwa mnyama mkubwa humtosha kwa siku nyingi, chui hulazimika kuua takriban mara moja tu kwa wiki moja au mbili, na kwa sababu hiyo picha nyingi nzuri za mchana zilizopigwa Ladakh ni za chui aliyeshiba. Wanaozitazama picha hizo huona utulivu wa kifalme, nao kwa kweli ni uzito wa tumbo.

Kumwona ni jambo moja na kumpiga picha ni jingine, kwani umbali kati ya korongo moja na jingine mara nyingi hupita mita 500. Lenzi ndefu ya milimita 600 humvuta mnyama takriban mara 12 kuliko inavyomwonyesha lenzi ya kawaida, lakini haivuti mnyama peke yake, huvuta pia hewa iliyo kati yake na kamera. Jua linapopiga mawe na theluji, hewa iliyopashwa joto hupanda kwa mawimbi, na mawimbi hayo hupindisha mwanga kiasi kwamba picha ya mnyama aliye mbali hutoka kama iliyochorwa ndani ya maji, hata lenzi iwe ya bei gani. Dawa yake ni kupiga alfajiri na jioni, au siku ya mawingu, au kusogea karibu, na hilo la tatu ndilo gumu. Theluji nayo huidanganya kamera, kwa sababu kipima mwanga kilichomo ndani yake kimetengenezwa kwa kudhani kwamba mandhari yoyote, ukiichanganya rangi zake zote, ni ya kijivu. Kinapokutana na weupe mtupu hupunguza mwanga, na theluji ikatoka chafu. Mpiga picha hulazimika kuongeza mwanga kwa stopu moja hadi mbili, stopu moja ikiwa ni kipimo cha kuongeza mwanga mara mbili.

Baridi ya usiku, inayoweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, hupunguza nguvu za betri, kwa hiyo betri za akiba hubebwa ndani ya nguo, karibu na mwili. Hatari isiyotarajiwa na wageni ni ile ya kurudi ndani, kwani kamera iliyopoa sana ikiingizwa katika chumba chenye jiko, unyevu wa hewa huganda juu ya lenzi na hata ndani yake, na kinga yake ni kuifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuvuka mlango, ikaachwa humo hadi ipate joto polepole. Mwili wa binadamu nao unadai utaratibu wake. Mji wa Leh, lango la Ladakh, uko mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo kila pumzi ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani, na kwenye mita 5,000 kiasi hicho hukaribia nusu. Wanaopanda bila kupumzika siku za mwanzo huumwa kichwa, hutapika, na wachache hupoteza maisha kwa maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba.

Kwa sababu ya ugumu huo wote njia ya pili imepata nguvu, nayo ni kamera mtego, yaani kamera iliyoachwa peke yake mahali mnyama anapopita, ikiwa na kihisi kinachoamuru picha ipigwe. Wazo lenyewe ni la zamani. Mmarekani George Shiras alikwisha kutumia nyuzi za kutegea na flashi kabla ya karne ya 20 kuanza, na mwaka 1906 National Geographic ilichapisha picha zake zaidi ya 70. Katika miaka hiyohiyo Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa katika nyika za Wamaasai chini ya Kilimanjaro, akiwapiga simba na wanyama wengine usiku kwa mlipuko wa unga wa magnesi, na kitabu chake cha mwaka 1905 kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuwaonyesha Wazungu maisha ya usiku ya wanyama wa Afrika. Schillings alifunga ng'ombe na punda wawe chambo, desturi iliyokubalika wakati ule na ambayo leo ingemtoa mpiga picha katika mashindano yoyote yenye heshima.

Kamera mtego za sasa zina aina mbili za vihisi. Aina ya kwanza hugundua joto la mwili linalosogea mbele yake, ni rahisi na hutumiwa sana na watafiti, lakini huchelewa kidogo na hudanganyika kwa mawe yaliyopata jua. Ya pili hurusha mwali wa infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, kutoka kifaa kimoja hadi kingine upande wa pili wa njia, na mwali ukikatwa kamera hupiga palepale, hivyo mpiga picha anaweza kuamua kwa usahihi wa sentimita ni wapi kichwa cha mnyama kitakuwa. Rodney Jackson, mtafiti aliyewafunga chui wa theluji kola za redio kwa mara ya kwanza katika Nepal ya magharibi miaka ya 1980, alipata baadhi ya picha zake kwa mtego wa kukanyagwa. Steve Winter, mpiga picha wa Marekani, alitega kamera 14 katika Hifadhi ya Taifa ya Hemis huko Ladakh, akiziwekea flashi kadhaa kila moja kama katika studio, na picha yake ya chui akitembea usiku huku theluji ikianguka ilimpa mwaka 2008 tuzo ya mpiga picha bora wa wanyamapori wa mwaka inayotolewa Uingereza.

Picha za aina hiyo ni nzuri mno, na hakuna anayeweza kudharau miezi ya kazi iliyo nyuma yake. Hata hivyo zina upungufu usioepukika, kwa kuwa kamera mtego hutegwa pale chui anapopita peke yake, na kwa hiyo humwonyesha daima akiwa mpita njia: hana njaa, hana shabaha, hana bharal. Mtazamaji aliyelelewa kwa picha hizo anaweza kuamini kwamba mnyama huyu anaishi kwa kutembea kwenye mwanga wa flashi. Filamu ndiyo iliyoanza kurekebisha jambo hilo, pale BBC ilipoonyesha mwaka 2006, katika mfululizo wake kuhusu sayari ya dunia, chui wa Pakistani akimfukuza markhor, mbuzi mwitu mwenye pembe zilizosokotwa, kwenye ukuta wa korongo, na kumkosa. Kukosa huko kulieleza maisha ya mlimani kuliko picha nyingi za ushindi, maana majaribio mengi ya uwindaji huishia hivyo.

Watafiti nao wamejifunza kuwa waangalifu na kamera mtego. Kila chui ana mpangilio wake wa madoa usiofanana na wa mwingine, kwa hiyo picha hutumika kuwahesabu, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ambapo wachunguzi walipewa picha za chui wa kufugwa wanaojulikana mmoja mmoja, ulionyesha kwamba makosa madogo ya kumdhania chui mmoja kuwa wawili yanaweza kuikuza hesabu kwa takriban theluthi moja. Upande mmoja wa mnyama haufanani na mwingine, manyoya ya baridi huyavuruga madoa, na mkia ukipita mbele ya ubavu huleta utata.

Mfaransa Vincent Munier, ambaye filamu yake kuhusu chui wa theluji wa Tibet ilitoka mwaka 2021, ana picha inayostahili kutajwa peke yake. Alimlenga kipanga aliyetua juu ya mwamba, akampiga, akaendelea na shughuli zake, na baadaye sana, alipoichunguza picha hiyo, akagundua kwamba nyuma ya mgongo wa mwamba kichwa cha chui kilikuwa kimechungulia, macho yakiwa yameelekezwa kwenye kamera. Picha hiyo inasema kweli kuhusu mlima kuliko picha yoyote iliyopangwa, kwa sababu inaonyesha kipimo halisi cha mwonekano wa mnyama huyu kwa binadamu aliyebobea.

Tamaa ya kuwa na picha kama hizo imezaa udanganyifu. Mwaka 2022 picha za chui wa theluji akiwa mbele ya vilele maarufu vya Himalaya zilizunguka dunia nzima, magazeti yakazisifu, hadi jarida moja la milima la Ufaransa lilipothibitisha kwamba chui na milima havikuwahi kukutana ila ndani ya kompyuta. Zaidi ya miaka kumi nyuma yake, tuzo kubwa ya mwaka 2009 iliyotolewa kwa picha ya mbwamwitu akiruka lango la zizi nchini Hispania ilifutwa baada ya majaji kuridhika kwamba huenda mnyama huyo alikuwa wa kufunzwa. Kesi zote mbili zina ladha moja: mwindaji alikuwa mahali pasipokuwa na sababu ya yeye kuwapo. Jicho linalojua mawindo hushtukia haraka, kwani hujiuliza mnyama huyu alifuata nini kwenye barafu isiyo na hata unyasi mmoja.

Swali la haki ya wenyeji nalo haliepukiki. Chui anayeingia katika zizi lisilo na paa anaweza kuua kondoo wengi kwa usiku mmoja, na mchungaji aliyepoteza nusu ya mali yake hapaswi kutazamiwa amwonee chui huruma. Huko Ladakh jawabu limekuwa na sehemu mbili, yaani mazizi yaliyofunikwa kwa wavu wa chuma na malipo yanayotokana na wageni wanaolala katika nyumba za wanakijiji, mpango ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000 kwa msaada wa shirika aliloliasisi Jackson. Mpango huo umebadilisha hesabu ya thamani ya chui, lakini umeleta pia msongamano, kwani mzoga mmoja ukigunduliwa leo makundi kadhaa ya wageni husimika lenzi zao upande wa pili wa korongo, na chui mwoga huuacha mzoga, akalazimika kuua tena. Gharama ya picha hiyo hulipwa na bharal wa pili.

Milima ya Bale inahitaji mpiga picha wa tabia nyingine. Uwanda wa Sanetti, ulio karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, hauna makorongo ya kujificha, ni nchi wazi ya nyasi fupi, mawe na mimea ya lobelia iliyo mirefu kuliko mtu, na barabara ya changarawe hupita katikati yake. Mbwamwitu wa Ethiopia, ambaye hapaswi kuchanganywa na mbwamwitu mwenye mabaka wa Ruaha na Nyerere, ana rangi nyekundu ya kutu na kifua cheupe, miguu mirefu na pua nyembamba, na uzito wake ni kati ya kilo 11 na 19. Wamebaki chini ya 500 duniani kote, zaidi ya nusu yao wakiwa Bale, na kichaa cha mbwa kinachoambukizwa na mbwa wa wafugaji kimewapunguza kwa kishindo mara kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Huishi kwa makundi, hulinda mipaka yao kwa pamoja alfajiri na magharibi, lakini kila mmoja huwinda peke yake, kwa kuwa chakula chao ni panya. Zaidi ya asilimia 90 ya wanachokula ni panya wa aina mbalimbali, na mkubwa miongoni mwao ni fuko mkubwa wa Bale, asiyepatikana kwingine popote, anayeweza kukaribia kilo moja. Fuko huyu hutumia sehemu kubwa ya maisha yake chini ya ardhi, na kwa muda mfupi kila siku hutoa nusu ya mwili nje ya tundu, akang'oa majani yaliyo karibu, akarudi kinyumenyume kwa kasi. Macho yake yamekaa juu ya kichwa, yakimwezesha kuangaza huku na huku kabla hajatoka vizuri.

Usiku wa Sanetti ni wa barafu, hivyo panya hawa hutoka mchana jua likishapasha ardhi, na mbwamwitu huwafuata kwa ratiba hiyo. Hapo ndipo penye mgogoro ambao kila mpiga picha wa Bale hukumbana nao. Jua la karibu na ikweta, katika hewa nyembamba ya mita 4,000, huwa kali tangu saa tatu asubuhi, likitupa vivuli vyeusi usoni mwa mnyama na kuyafifiza manyoya yake mekundu, na hizo ndizo saa za uwindaji, wakati alfajiri yenye mwanga mzuri humpa mpiga picha salamu za kifamilia za mbwamwitu, michezo ya watoto na doria za mpakani, pasipo windo hata moja. Chui wa Ladakh ana shida iliyo kinyume, kwani hutenda mambo yake wakati mwanga ni laini lakini haba. Katika milima yote miwili aliyepanga saa hizo ni mla majani.

Uwindaji wenyewe ni mdogo kwa kipimo na wa polepole, na hutaka mpiga picha alale kifudifudi ili kamera iwe usawa wa macho ya mbwamwitu. Mnyama hunyata, huganda mguu ukiwa hewani, huteleza tumbo likigusa nyasi, husubiri penye tundu kwa dakika nyingi, kisha huruka au huchimba kwa fujo huku udongo ukitapakaa. Mwelekezaji hodari hatazami mbwamwitu wakati huo, hutazama tundu ambalo udongo mbichi umetokea, akamwelekeza mpiga picha alenge pale na kusubiri. Kitabu cha picha cha Rebecca Jackrel na Will Burrard-Lucas kilichotoka mwaka 2013 kiliwaonyesha wasomaji wengi kwa mara ya kwanza mwenendo huo kwa ukamilifu. Burrard-Lucas ndiye pia aliyetangaza mwaka 2019 picha za chui mweusi wa Laikipia nchini Kenya, zilizopatikana kwa kamera mtego.

Kaskazini zaidi, katika nyanda za Guassa, mbwamwitu hao wamepatikana wakitembea katikati ya makundi ya gelada, nyani wala nyasi wa Ethiopia, bila kuwagusa watoto wa nyani na bila nyani kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbwamwitu aliye kati ya gelada hufanikiwa katika asilimia 67 ya majaribio yake ya kukamata panya, dhidi ya asilimia 25 anapokuwa peke yake, pengine kwa sababu malisho ya nyani huwatimua panya au huwafanya wasimwone mwindaji. Kwa kamera hii ni zawadi, kwa kuwa fremu moja hubeba mla nyama, mla nyasi asiyewindwa, na kwa bahati nzuri windo lenyewe mdomoni.

Mwaka 2024 watafiti wa Bale walichapisha jambo lililokuwa likionekana mara kwa mara na wenyeji, kwamba mbwamwitu hawa huramba nekta ya maua marefu ya kniphofia, yenye rangi nyekundu na manjano, na watoto wa wachungaji nao huyafyonza kwa utamu wake. Picha zilizoambatana na taarifa hiyo zinaonyesha pua za mbwamwitu zikiwa zimejaa chavua, unga wa uzazi wa maua, jambo lililowafanya watafiti wapendekeze kwamba huenda mnyama huyu ndiye mla nyama mkubwa wa kwanza kujulikana akisaidia uchavushaji. Wengine kati yao walitembelea hadi maua 30 katika mzunguko mmoja, kisha wakarudi kwenye matundu ya panya.